Kabla ya kuediti, itoe video kwenye simu ikiwa nzima

Najua mvua zimekolea na palizi inawasubiri, kwa hiyo naenda moja kwa moja.

Siku hizi kila kijana anayelima kibiashara hapa Kitendaguro, na ndugu zetu wa Muleba kule Kamachumu na Muhutwe, anapiga video. Anapiga kahawa ilivyochanua, anapiga vanila wakati wa kuchavusha kwa mkono, anapiga mikungu inavyopakiwa kwenye gari. Nafurahi sana. Lakini swali ninaloulizwa kila wiki ni lile lile: "Afisa, niediti kwa programu gani?" Mimi nasema swali hilo linakuja mapema mno. Wengi wenu shida yenu si kuediti. Shida ni kwamba video mnayotaka kuiediti imeshaharibika njiani, kati ya simu na laptopu, na hakuna programu duniani itakayoifufua.

Njia inayotumiwa na karibu kila mtu ni kujitumia video kwa WhatsApp, kisha kuifungua kwenye laptopu na kuipakua. Ni rahisi, sikatai. Ila WhatsApp imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, haikutengenezwa kutunza kumbukumbu. Kabla ya kutuma inaibana video ili ipite kwenye mtandao hafifu bila kumaliza bando lako. Simu ya kawaida ikirekodi kwa ubora wa HD kamili, ule wa 1080, inatumia takriban megabaiti 100 hadi 150 kwa dakika moja. Ikishapita WhatsApp, dakika hiyo hiyo inaweza kubaki na megabaiti chache tu. Zilizobaki zimekwenda wapi? Zimetupwa. Hata ukibonyeza ile alama ya HD kabla ya kutuma bado inabana, imepunguza tu ukali wa kubana.

Mtu ataniambia, "Lakini mbona kwenye simu inaonekana safi?" Ndiyo, kwa sababu kioo cha simu ni kidogo. Ifungue kwenye laptopu, au jaribu kukuza sehemu moja ya picha uone jani, ndipo utakapokuta mabaka mabaka badala ya jani.

Kwa nini afisa ugani ajisumbue na mambo ya mabaka? Kwa sababu mnanitumia video za migomba inayonyauka mkitaka nitoe jibu. Mnyauko bakteria, huu tunaouita unyanjano, uliingia Kagera mwaka 2006, na mpaka leo bado tunapambana nao. Dalili zake ni za kuangalia kwa karibu: ua dume linasinyaa, ndizi zinaiva kabla ya wakati na bila mpangilio, ukikata tunda unakuta ndani lina rangi ya kahawia, ukikata shina baada ya muda kidogo unaona ute wa njano. Upande wa pili kuna mnyauko wa Panama, unaoletwa na fangasi wa kwenye udongo. Huo majani ya chini yanaanza kuwa ya njano kutoka kingoni, shina linapasuka karibu na ardhi, ukilikata unaona michirizi ya kahawia, lakini tunda kwa ndani liko sawa.

Tofauti ni rangi ya ute na doa ndani ya tunda, mambo madogo kabisa. Na hatua za kuchukua hazifanani. Kwenye unyanjano nakuambia ondoa shina lililougua, vunja maua dume kwa mti wenye panda badala ya kisu, na kila panga lipite kwenye moto au kwenye maji ya Jik kabla ya kugusa mgomba mwingine. Kwenye Panama nakuambia usirudishe kisukari wala kisubi mahali pale, maana fangasi yule anakaa ardhini miaka mingi, wakati ndizi zetu za kupika za asili haziguswi naye kirahisi. Sasa unanitumia video iliyobanwa mara tatu, imepita kwenye magroup mawili, ute wa njano umekuwa kivuli. Hapo nitakuambia nini? Nitakuambia nakuja shambani. Na mimi nina kata nzima ya kuhudumia, pikipiki ni moja, na mvua mnaijua.

Upande wa biashara ndiko kunakouma zaidi. Kuna kijana wa Muleba ninayemfahamu ambaye alipeleka ndizi Mwanza. Mnunuzi akasema sehemu ya mzigo ilikuwa na ugonjwa tangu inatoka shambani, akakata bei. Kijana alikuwa na akili nzuri: siku ya kupakia alipiga video, akachagua ndizi kwenye mikungu mbalimbali, akazikata mbele ya kamera kuonyesha ni nyeupe ndani. Ushahidi mzuri kuliko huo hakuna. Lakini simu ilikuwa imejaa, na jioni ile ile baada ya kuirusha video kwenye group la wauzaji aliifuta ile halisi. Mzozo ulipokuja akabaki na nakala ya WhatsApp. Ile nyeupe ya tunda imechanganyika na mwanga, hujui kama ni doa au ni kivuli cha kidole. Mnunuzi akaangalia, akarudisha simu, bei ikabaki ile aliyoikata. Kama video ile ingekuwa imelala kwenye laptopu ikiwa nzima, mazungumzo yangekuwa mengine.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: video ya shamba ni hati ya biashara, sawa na risiti ya pembejeo au karatasi ya mzani. Ihamishe siku hiyo hiyo uliyoipiga, kwa waya, bila kuibana, na usiifute kwenye simu mpaka umeifungua kwenye laptopu na kuiona inacheza. Kuediti kutakuja baadaye, hata mwezi ujao.

Tuje kwenye waya wenyewe, maana hapa ndipo watu wanapokata tamaa. Unachomeka simu kwenye laptopu, simu inaanza kuchaji, laptopu haioni kitu. Watu wanasema laptopu mbovu. Mara nyingi ni moja kati ya mambo mawili. La kwanza, waya wako ni wa kuchaji tu. Waya nyingi za bei ya chini zinazouzwa barabarani ndani yake zina nyaya za umeme peke yake, zile za kupitisha data hazipo. Hata ukae usiku kucha hautapitisha faili. Ukienda kununua, chomeka pale pale dukani kwenye kompyuta yao uone kama simu inaonekana, muuzaji akikataa nenda duka la pili. La pili, simu za Android zikichomekwa zinaingia kwenye hali ya kuchaji tu kwa usalama wako. Ifungue simu kwa namba yako ya siri, vuta chini ile sehemu ya arifa, utaona maandishi kuhusu USB, gusa hapo uchague kuhamisha faili. Ndipo laptopu itakapoionyesha simu kama diski nyingine. Ingia kwenye folda inayoitwa DCIM, ndani yake Camera. Video zako ndipo zilipo.

Kwa iPhone, ukichomeka simu itauliza kama unaiamini kompyuta hiyo, kubali. Kisha kwenye mipangilio ya picha, chini kabisa, kuna sehemu ya kuhamishia kwenye Mac au kompyuta. Chagua ibaki na faili halisi. Ukiacha ile ya kujichagulia yenyewe, inaweza kuanza kubadilisha faili wakati wa kuhamisha, na hapo ndipo kazi inapokatika katikati huku ukishangaa.

Nakili, usihamishe kwa kukata. Yaani tumia "copy", achana na "cut". Umeme wetu mnaujua, na hata bila umeme kukatika waya unaweza kutikisika ukachomoka. Ukinakili, hata kazi ikikatika njiani faili la kwenye simu liko palepale. Kwa kasi ya kawaida ya USB ya zamani gigabaiti 5 zinamaliza ndani ya dakika chache, huhitaji hata kukaa chini. Weka simu mezani iache, kanywe chai.

Jambo moja la hapa kwetu ambalo hamtalikuta kwenye maelekezo ya watu wa mbali: Bukoba ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, na mnatoka kibanjani na simu mfukoni imeloa. Usichomeke waya kwenye tundu lenye unyevu. Futa, iache ikauke. Na lile vumbi jekundu lililojikusanya ndani ya tundu ndilo linalofanya waya ulegee. Litoe taratibu kwa kijiti cha mbao simu ikiwa imezimwa, usitumie sindano.

Wenye simu zinazopokea kadi ya memori mna njia nyingine: kurekodi moja kwa moja kwenye kadi, kisha kuitoa na kuisomesha kwenye laptopu kwa kisomeo. Nzuri, ila jihadharini na kadi za bandia. Imeandikwa gigabaiti 256, ndani ni ndogo sana. Inapokea faili zote kwa furaha, siku unazifungua hakuna kitu. Kadi mpya ijaze yote kwanza kwa faili zisizo na maana, zifungue, uone kama zinafunguka. Ikifeli, rudisha.

Na flashi? Flashi ni ya kubebea tu, usiifanye ghala. Halafu flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja linalozidi gigabaiti 4. Ndiyo maana video ndefu ya mafunzo inakataa ukiambiwa faili ni kubwa mno wakati nafasi unaiona ipo. Ipange upya kwa exFAT, ukiwa umetoa kwanza vilivyomo.

Kama huna waya kabisa na huna budi kutumia WhatsApp, basi tuma kama dokumenti, si kama video. Ukibonyeza alama ya kuambatisha chagua dokumenti, tafuta video yako, itume hivyo. Haitabanwa. Tangu 2022 wanapokea faili hadi gigabaiti 2. Lakini bando litalia, na ndiyo maana nasisitiza waya: waya hauli bando.

Hapa kuna wanaonipinga, na wana hoja. Wanasema CapCut iko kwenye simu, unakata, unaunga, unaweka muziki, unarusha, umemaliza. Laptopu ya nini? Kwa klipu ya nusu dakika ya kutangaza miche ya kahawa, nakubaliana nao kabisa. Msijisumbue. Lakini mtu anayelima kibiashara hana klipu moja. Ana msimu mzima: siku ya kupanda, mbolea ilipowekwa, wadudu walipotokea, mavuno, upakiaji. Simu ya gigabaiti 64, ukitoa nafasi ya mfumo, picha na sauti za magroup, haiwezi kubeba msimu. Kwa hiyo utafuta. Na utafuta zile ambazo hazivutii, yaani hasa zile ambazo mwakani mkopeshaji au mnunuzi angetaka kuziona. Simu pia inaibiwa, inaanguka mtoni, inafunguliwa na mtoto.

Nikitaka mfano wa wakulima walioelewa jambo hili mapema, nakwenda Bagamoyo. Kuanzia 2011 kikundi cha wakulima wa Chambezi kilikuwa na mradi unaoitwa Sauti ya Wakulima. Simu janja zilikuwa chache, wakawa wanapokezana. Aliye na simu alipiga picha na kurekodi sauti, shambani kwake na kwa jirani, akamhoji jirani anavyofanya. Kisha zile picha na sauti zilipelekwa kwenye tovuti moja, na wakulima walikutana kituoni Chambezi wakazitazama na kuzijadili pamoja. Angalia hapo faida ilipo. Simu ilikuwa chombo cha kukusanyia tu. Mazungumzo yalianza picha zilipotoka kwenye simu na kukaa mahali ambapo wote wanaweza kuzirudia. Sisi leo kila mmoja ana simu yake, na bado hatuna mahali pamoja pa kutazama mnyauko wa mwaka juzi ulianzia kibanja gani.

Kikundi cha vijana kumi mnaweza kuwa na laptopu moja iliyotumika na diski moja ya nje. Haihitaji kuwa na nguvu kwa kazi ya kutunza. Hiyo nashauri kuliko kwenda kuhamishia steshenari kila siku, maana kompyuta za pale zinachomekewa flashi za mji mzima, virusi ni vingi, na video za wafanyakazi wako na mzigo wako unaziacha kwa watu usiowajua. Ukilazimika kwenda, simama hapo hapo, hakikisha nakala yako imefutwa kabla hujaondoka.

Kwenye laptopu tengenezeni folda ya kila mwaka, ndani yake ya kila shamba. Faili lipewe jina linaloanza na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: 2025-03-14_kibanja-cha-juu_ua-dume. Ukifanya hivyo yatajipanga yenyewe kwa mfululizo. Majina ya simu kama VID na tarakimu ndefu baada ya miezi sita hayakuambii chochote. Hakikisha pia saa na tarehe ya simu ni sahihi, maana video yenye tarehe ya uongo mbele ya mnunuzi ni mbaya kuliko kukosa video.

Halafu nakala ya pili, kwenye diski nyingine, nyumba nyingine. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9 lilitupiga hapa Bukoba, nyumba zikaanguka na vitu vyote ndani. Hakuna anayehitaji nimkumbushe. Ukiwa na dada yako Rwamishenye au kaka yako Kemondo, diski ya pili ikae kwake, mkutane kila mwisho wa mwezi muongeze.

Sasa kuediti, kwa kifupi, maana hili wengi mnalijua kunizidi. Usiediti faili likiwa bado kwenye simu au flashi, litakwama kwama. Lipeleke kwenye diski ya laptopu kwanza, na uediti nakala, faili halisi lisiguswe. Kwa laptopu dhaifu Shotcut inatosha, ni ya bure. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure na ni nzuri sana, ila inataka mashine yenye nguvu, usiilazimishe. Video ikigoma kucheza vizuri, mara nyingi simu imerekodi kwa mfumo mpya wa kubana unaoitwa HEVC au H.265, ambao laptopu za zamani zinauhangaikia. Kwenye mipangilio ya kamera zima ule uchaguzi wa ufanisi wa juu, irekodi kwa H.264. Na ukikuta sauti inachelewa kuliko mdomo, jua simu ilikuwa inabadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kadiri mwanga ulivyobadilika. Ipitishe kwanza kwenye HandBrake, nayo ya bure, uchague fremu zisizobadilika, ndipo uilete kwenye programu ya kuediti.

Neno dogo kwa wazee wangu wa vyama na vikundi wanaosoma hapa, najua mpo. Wengine mna kanda ndogo za Mini DV kabatini, za mafunzo ya migomba na kahawa ya miaka ya nyuma. Zile nazo ni video za kidijitali, lakini haziingii laptopu kwa kunakili. Lazima zichezwe kwenye kamera yake huku kompyuta inapokea kupitia waya wa FireWire, kanda ya saa moja inachukua saa moja, na inajaza gigabaiti kama 13. Laptopu za sasa tundu hilo hazina, na kamera nzima zinapungua kila mwaka. Tafuteni kompyuta ya zamani yenye tundu hilo wakati bado zipo. Ndani ya kanda hizo huenda kuna vibanja jinsi vilivyokuwa kabla ya 2006, na hiyo hatuwezi kuirekodi tena.

Anayetaka tufanye pamoja mara ya kwanza anikute ofisini. Aje na simu yenye chaji, laptopu yenye nafasi isiyopungua gigabaiti 20, na waya aliokwisha kuujaribu. Wenye iPhone njooni na waya wenu, mimi sina.